Bahasha Iliyoshonwa

Alhamisi saa nane mchana, Mwalimu alisoma karatasi ambazo mwanamke hapaswi kuzisoma kuhusu mtu anayempenda. Alizisoma kwa sababu ilikuwa kazi yake. Alipomaliza, alizirudia tangu mwanzo, kisha akaiweka kalamu nyekundu mezani na kujishika mdomo kwa mikono miwili.

Alikuwa mwalimu wa saikolojia, wa kwanza na wa pekee katika sekondari ile ya wasichana. Somo lenyewe lilikuwa na miaka mitatu tu, na wenzake walilifanyia mzaha. Yule wa hesabu kila akipishana naye alijifunika uso kwa daftari, eti asisomwe mawazo. Chumba alichopewa kilikuwa zamani stoo ya viti vibovu, kando ya karakana ya ushonaji, na humo ndimo alimofundishia wasichana kumi na wanne wa kidato cha nne. Ukuta wa kutenganisha chumba na karakana ulikuwa wa mbao. Mwaka mmoja nyuma, akiwa anasahihisha, alisikia kupitia mbao hizo sauti ya mwanamume akibembeleza mtu.

"Tulia basi, sikuumizi. Nani kakufunga uzi namna hii?"

Akaenda kuchungulia. Alimkuta fundi amelala chali chini ya cherehani, mikono imejaa mafuta, na hakuna mtu mwingine mle ndani. Alipomwona, fundi aliinuka kwa haraka akajigonga kichwa mezani. Walicheka mpaka wakashindwa kusalimiana. Tangu siku hiyo cherehani za shule zikawa zinaharibika kila wiki, na hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa wao wawili.

Fundi alikuwa na miaka thelathini. Shule aliiacha akiwa kidato cha kwanza ili amsaidie mama yake, mjane aliyeishi kwa kushona sare. Nyumbani walikuwa watatu: mama, yeye, na dada yake, kitinda mimba, ambaye alikuwa mmoja wa wale wasichana kumi na wanne. Kwa sababu ya huyo dada, Mwalimu aliomba mapenzi yao yafichwe mpaka mitihani ipite. Hakutaka binti wa watu asemwe kwamba anapewa alama na wifi yake. Kwa hiyo mama alijua tu kuwa yupo mwanamke fulani, na hilo pekee lilitosha. Kila Fundi alipotaja kuoa, presha ya mama ilipanda.

Hivi karibuni kiwanda cha nguo cha mji mwingine kilikuwa kimemtaka Fundi awe msimamizi wa mashine, na nyumba apewe. Walikuwa wamepanga kwenda pamoja baada ya mitihani. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuulizia shule za huko.

Ndipo likaja zoezi la kumbukumbu. Aliwaambia wasichana wake: chagua siku moja kubwa katika familia yenu ambayo wewe hukuwepo, waombe watu wawili waliokuwepo waiandike, kila mmoja peke yake, kisha ulinganishe. Alitaka wajionee wenyewe kuwa watu wawili hawakumbuki jambo moja sawasawa. Alitegemea harusi, kuhama nyumba, kuzaliwa kwa mapacha. Akatoa na ahadi mbele ya darasa: anayeona haya afunge maandishi yake kwenye bahasha, atayasoma mwalimu peke yake, na yatarudishwa mkononi mwa aliyeyaandika.

Kitinda mimba alichagua siku aliyokufa baba yake, miezi mitatu kabla yeye hajazaliwa.

Karatasi ya Fundi haikufungwa. Alijua nani ataisoma. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," aliandika. "Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa na pumu na siku hiyo ilimzidi. Mama alinituma duka la dawa. Njiani nikakuta wenzangu wanacheza mpira, nikaingia. Nilicheza mpaka goli la tatu. Niliporudi watu walikuwa wamejaa uani. Mama alinishika mabega mbele yao akasema, ungewahi, baba yako angekuwa hai. Hajalirudia tena neno hilo, wala hajalifuta. Ndiyo maana sitamwacha."

Bahasha ya mama ilikuwa nene. Hakuigundisha kwa gundi, aliishona kwa mashine pande zote, na Mwalimu ilimbidi akate uzi kwa wembe.

"Mwalimu, sikujui na wewe hunijui, ndiyo sababu nakuandikia. Mume wangu alikata roho saa tano na nusu, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mtoto alikuwa chumba cha pili. Sikutaka amwone baba yake vile. Nikamwita nikiwa nyuma ya mlango nikamtuma dawa, maana sikupata la kusema. Dawa ya nani, na mtu ameshakufa? Aliporudi nilikuwa nimechanganyikiwa, nikatamka neno ambalo mama hatamki. Nilisema kesho nitalifuta. Kesho yake alikataa kwenda kucheza, akakaa karibu na cherehani yangu akaniuliza anisaidie nini. Nilikuwa na mimba, sina mtu. Nikanyamaza. Huu ni mwaka wa kumi na saba."

Ijumaa jioni, wasichana walipokwisha kwenda zao, Fundi alikuja karakana bila mkoba wake wa vifaa. Mwalimu akajua hakufuata cherehani.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi sina la kuongeza."

Lakini alikuwa nalo. Alilisema akiwa ametazama sakafu, sauti ya chini, kama mtu anayesoma hati ya mtu mwingine. Alikuwa amewaandikia watu wa kiwanda kuwakatalia. Jumatano alipomwambia mama habari za kuhama, mama hakulia wala hakugomba. Alimtazama tu, akamuuliza ni nani atakayekwenda duka la dawa siku yeye akizidiwa.

"Ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Mimi nilishatumwa mara moja."

Bahasha ilikuwa ndani ya droo, upande wa pili wa ule ukuta wa mbao. Hatua kumi. Mwalimu aliuhisi ule wembe mkononi kana kwamba bado anaushika. Sentensi moja ingetosha, fupi, hata mtoto angeweza kuisema. Na sentensi hiyo haikuwa yake. Aliahidi mbele ya watoto kumi na wanne, na mama wa watu akamwamini bila kumjua.

Akajaribu kuzunguka. Akamwambia kwamba mtoto akipata mshtuko mkubwa hujibebesha makosa yasiyo yake, kwamba akili hupanga mambo upya ili yaeleweke. Akamuuliza ana hakika gani kwamba hata angekimbia moja kwa moja angemkuta baba yake akiwa hai.

"Usinifanye mwanafunzi wako," Fundi alisema taratibu. "Mimi sikusoma. Ila hili nililiona kwa macho yangu."

Mwalimu akamshika mkono. Aliijua mikono ile, mafuta yaliyoingia kwenye mistari ya kiganja na kukataa kutoka kwa sabuni yoyote. Fundi aliuacha mkono wake hapo kwa muda. Alipoinua macho, yalikuwa mekundu.

"Nakupenda mpaka naona aibu," alisema. "Nikikaa na wewe nikafurahi, najiona nimesimama palepale uwanjani, nacheza, na mtu ananisubiri nyumbani. Siwezi. Nimejaribu mwaka mzima."

Alipotoka, Mwalimu alibaki amesimama katikati ya cherehani tisa, zote nzima.

Hakupata usingizi wala hakuutafuta. Kilichomtesa zaidi ni kwamba Jumatatu zoezi lilikuwa na sehemu ya pili. Karatasi ya kaka, ambayo haikufungwa, alikuwa amemrudishia msichana mchana wa Ijumaa ile ili aanze kulinganisha. Angefuta zoezi, sawa. Lakini angeufuta vipi uso wa Fundi? Alijilaumu kwa kuwapa watoto mtihani ambao yeye mwenyewe hakuufikiria mpaka mwisho. Kulipopambazuka alikuwa ameamua.

Jumamosi asubuhi alimkuta mama peke yake. Fundi alikuwa kwenye karakana yake ya mjini, binti alikuwa amekwenda kujisomea na wenzake. Chumba cha mbele kilijaa sketi za sare zilizopangwa kwa saizi, na mama alikuwa nyuma ya mashine, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Walisalimiana. Mama akamuuliza kama ameleta kitambaa.

"Nimeleta bahasha, mama."

Mguu wa mama ukasimama kwenye pedeli. Alimkaribisha kiti, akamshukuru kwa kuitimiza ahadi, akasema hakudhani mwalimu ni kijana hivi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Mwalimu alitamani aondoke wakati huo, amwache na nafuu yake.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Mwanamke anayetaka kuolewa na mwanao ni mimi."

Mama aliivua futi shingoni akaanza kuikunja, polepole, mpaka ikawa kigurudumu kidogo kiganjani.

"Kwa hiyo ulinitega."

"Sikujua, mama. Nilijua nilipokata uzi."

"Umeshamwambia?"

"Hapana. Nimekuja nikuombe umwambie wewe."

Mama akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akasema watu wanadhani kunyamaza ni kazi rahisi. Alishajaribu kusema. Fundi alipotimiza miaka kumi na minane alimwita, akamkalisha kwenye kiti kile kile alichokalia Mwalimu, akafungua mdomo, na kijana akadhani mama ana kiu akakimbia kuleta maji. Fundi alipofungua karakana yake mama akasema leo ndiyo leo, akaenda, akakuta jina lake yeye mama limechorwa mlangoni kwa rangi ya bluu.

"Unaanzia wapi kumwambia mtu kama huyo?"

"Anzia kwamba alikuwa mtoto."

"Halafu anichukie."

"Atakasirika, mama."

"Wewe ndiye uliyesoma mambo haya," mama alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Niambie. Hasira ya miaka kumi na saba huisha baada ya muda gani?"

Katika vitabu vyote alivyofundishia Mwalimu hakuna ukurasa uliosema hilo. Akateremka kwenye kiti akapiga magoti kwenye sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi. Hakupanga kufanya hivyo, miguu ilijiendea yenyewe.

"Kama unaniogopa mimi, nitamwacha," alisema. "Nitaomba uhamisho, hutaniona tena katika mji huu. Sitaki hata shukrani. Mwambie tu. Mtu hawezi kuishi hivi, mama, anakufa akiwa amesimama."

Mama aliiweka ile futi juu ya mashine. Kisha akamuuliza, bahasha ikiwa imesharudi, ushahidi atakuwa nao gani, na nini kitamzuia asiende kumwambia Fundi yeye mwenyewe.

"Niliahidi."

"Basi wewe ni mjinga kuliko nilivyofikiri," mama alisema, na alilisema kwa huruma. Akaichukua bahasha akaisukuma chini ya lundo la sketi. Mashine ikaanza tena kunguruma. Mwalimu alielewa kwamba ameagwa.

Jumapili ilipita. Kila simu ilipolia Mwalimu aliikimbilia, na hakuwa Fundi.

Jumatatu, kipindi kilipokwisha, kitinda mimba alibaki darasani. Hakuwa amenyoosha mkono kipindi kizima. Aliweka karatasi mbili mezani, ya kaka yake na mpya ya mama. Mama alikuwa amemwambia ile ya kwanza aliikosea, akamwandikia nyingine Jumapili. Mwalimu aliisoma. Nilimtuma dawa, mama ameandika, akakuta wenzake wanacheza mpira, akacheza mpaka goli la tatu, aliporudi baba yake ameshakufa.

"Zinafanana, Mwalimu," msichana alisema.

"Naona."

"Mama alikuwa ndani na baba. Amejuaje habari za goli la tatu? Kaka hajawahi kumsimulia mtu. Mimi mwenyewe nimelisoma hapa kwa mara ya kwanza, na karatasi hii ililala kwenye daftari langu, sebuleni." Alikuwa akisema polepole, kama anapiga hesabu ambayo hataki ipatikane. "Ile ya kwanza ilishonwa. Ilikuwa nene. Iko wapi?"

"Nimemrudishia mwenyewe."

"Ilisema nini?"

Mwalimu alimtazama mtoto yule aliyekuwa na macho ya kaka yake, na akaona kwamba hawezi kumdanganya na hawezi kumwambia ukweli.

"Muulize mama," alisema.

Msichana akakusanya karatasi zake. Mlangoni aligeuka kana kwamba anataka kusema kitu, akaghairi, akaondoka bila kuaga.

Fundi alikuja kesho yake wakati wa mapumziko ya mchana. Hakuingia, alisimama kizingitini na bega lake likiegemea fremu. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuugua. Alisema kwamba dada yake aliuliza mezani, mbele yake. Mama alikana mara mbili. Mara ya tatu alinyanyuka, akaenda chini ya lundo la sketi akatoa bahasha, akampa Fundi aisome mwenyewe kwa sababu yeye sauti haikutoka.

"Baba alikuwa ameshakufa," alisema. "Hata ningekimbia kama upepo. Nilikuwa nimetumwa dawa ya mtu aliyekufa."

Mwalimu aliinuka aende kwake. Fundi akainua kiganja, si kwa ukali, kama anavyomzuia mtu asiguse sindano.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Na Ijumaa nilisimama hapo nyuma ya mbao hizi, nikakwambia yale yote."

"Haikuwa siri yangu, Fundi. Nilikwenda kwake. Nilimwomba..."

"Ameniambia. Amesema ulipiga magoti, amesema ulikuwa tayari kuniacha ilimradi nijue." Akavuta pumzi. "Mlikaa wawili mkaamua maisha yangu, yupi aniambie na yupi asiniambie, na mimi niko mjini nawatilia watu mafuta kwenye mashine."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Mwalimu na hakuyafuta. Alimwambia kwamba kila dakika ya siku zile alitaka kusema. Alimwambia kwamba angevunja ahadi ile asingejua yeye ni mtu gani. Maneno yalikuwa ya kweli, na aliyasikia yakianguka kabla hayajafika mlangoni.

"Najua," Fundi alisema. "Mama naye alikuwa na sababu yake. Yeye miaka kumi na saba, wewe siku tano. Si sawa, hata mimi najua si sawa. Lakini nikikutazama saa hizi siwezi kuwatofautisha."

Kiwanda kilikuwa hakijapata mtu. Alikuwa amewapigia asubuhi. Angeondoka kesho yake kwa basi la kwanza, peke yake, na aliomba asisindikizwe na yeyote.

"Utarudi?" Mwalimu aliuliza.

Fundi alifikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiri kila kitu.

"Sijui. Sijawahi kuondoka, sijui mtu anarudije."

Alimtazama mara moja, tazamo refu lililompitia usoni kote, paji, macho, mdomo, la mtu anayetaka kuchukua kitu bila kukigusa. Kisha akashuka ngazi. Wasichana waliokuwa uani walimsalimia na aliwaitikia wote.

Jumatano Mwalimu alifundisha vipindi vyake vyote. Yule wa hesabu alimwona mlangoni mwa ofisi, akainua daftari ajifunike, akauona uso wake, akalishusha. Saa kumi alifunga chumba. Njia ya kwenda kwake ilikuwa upande wa kushoto wa geti, lakini alipotoka alijikuta ameshika kulia, na hakujizuia.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Mama alikuwa hajachana nywele. Macho yake yalimpita Mwalimu begani, yakaenda mpaka mwisho wa barabara, yakarudi.

"Amekupigia?"

"Hapana, mama."

"Na mimi hajanipigia."

Walisimama hivyo, mmoja ndani, mmoja nje. Mashine ilikuwa kimya, na binti alikuwa bado shuleni kwenye masomo ya jioni. Mama alimwangalia viatu vyake vilivyojaa vumbi, akaangalia macho yake, na kitu fulani usoni mwake kikalegea.

"Umekula tangu asubuhi?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Ingia," mama alisema, akaanza kuondoa sketi kwenye kiti.